SIMON STEVIN: KARANI ALIYELIFUNDISHA JESHI HESABU

Mwaka 1592 jeshi la Waholanzi liliuzingira mji wa Steenwijk, uliokuwa mikononi mwa askari wa mfalme wa Hispania. Walinzi wa mji walipochungulia kutoka juu ya kuta zao waliona jambo wasilolizoea. Askari wa adui walikuwa wameweka kando mikuki na bunduki, wameshika sepetu, nao walikuwa wakichimba. Husimuliwa kwamba walinzi wale waliangua kicheko. Waliwazomea wachimbaji kuwa wameacha uaskari na kugeuka vibarua wa shamba, na wengine wao wakachukua mifagio wakafagia juu ya ukuta ili kuonyesha dharau yao. Mwezi Julai wa mwaka huohuo mji wa Steenwijk ulisalimu amri.

Siku hizo askari wa Ulaya aliona kuchimba kuwa ni aibu. Kazi ya udongo ilikuwa ya wakulima waliokusanywa vijijini kwa nguvu, na askari mwenye kujiheshimu hakugusa jembe. Jeshi la Waholanzi liliiondoa aibu hiyo kwa njia mbili. Kwanza, liliwalipa askari wake ujira wa ziada kwa kazi ya kuchimba. Pili, liliwapa watu waliojua kupima: wapi pa kuchimba, kwa kina gani, na kwa pembe ipi, ili mzinga wa adui usiweze kupiga ndani ya handaki. Miongoni mwa watu walioutia ujuzi huo katika vitabu na katika shule alikuwamo mmoja ambaye hakuanza maisha yake katika jeshi. Alikuwa karani wa hesabu. Jina lake ni Simon Stevin, na habari zake ndizo tunazokusudia kuzieleza leo, kwa kuwa twaamini askari na polisi wanaousoma ukurasa huu watamtambua kuwa ni mtu wa kazi yao.

Stevin alizaliwa mwaka 1548 katika mji wa Bruges, ambao leo umo ndani ya Ubelgiji. Ubelgiji wasomaji wetu wanaijua vema. Ndiyo iliyoitawala nchi yetu tangu mwaka 1916 hadi Julai 1962, siku zile Bujumbura ilipokuwa ikiitwa Usumbura. Lakini alipozaliwa Stevin haikuwako dola yenye jina la Ubelgiji, wala dola yenye jina la Uholanzi. Majimbo yote ya nchi zile za chini, ya kusini na ya kaskazini, yalikuwa chini ya mtawala mmoja, Karolo wa Tano, aliyekuwa pia mfalme wa Hispania. Jambo hilo tunaomba likumbukwe, maana litaturudia mwishoni.

Wazazi wake hawakuwa wameoana. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na jina kubwa la kumfungulia milango, ikambidi aifungue mwenyewe kwa kalamu. Akiwa kijana alishika vitabu vya fedha katika mji wa Antwerp, akasafiri hadi Polandi, Prussia na Norwe, na mwaka 1577 akaajiriwa katika ofisi ya kodi huko kwao Bruges. Maisha ya karani basi, ya wino na tarakimu, wala hapakuwa na dalili kwamba mtu huyu angekuja kuwa mshauri wa jemadari.

Lakini nchi yenyewe ilikuwa ikiwaka moto. Majimbo yalikuwa yameasi utawala wa Hispania, na vita vilikuwa vimekwisha kuchukua miaka. Mwaka 1576 askari wa Hispania, ambao walikuwa hawajalipwa mishahara yao kwa muda mrefu, waliwaasi wakubwa wao, wakauvamia mji wa Antwerp, wakapora mali, wakachoma nyumba na kuua watu kwa maelfu. Huu ulikuwa mji wa biashara kubwa kuliko miji yote ya Ulaya ya kaskazini, na ndio mji ule ambamo Stevin alikuwa amejifunza kazi yake. Mtu aliyewahi kushika daftari aliweza kukiona chanzo cha balaa lile. Mfalme wa Hispania alikuwa na fedha za migodi ya Amerika. Alichokosa ni namna ya kuihesabu ile fedha na kuifikisha kwa askari kwa wakati. Jeshi ambalo orodha yake ya mishahara imevurugika halichukui muda mrefu kugeuka kundi la wanyang'anyi, na wa kwanza kuumia ni raia.

Mwaka 1581 twamkuta Stevin katika mji wa Leiden, kaskazini, upande wa waasi. Leiden ulikuwa umepona kuzingirwa mwaka 1574, wakati Waholanzi walipobomoa kingo za maji yao wenyewe, wakaifurikisha nchi, na kuleta mashua za vita hadi karibu na kuta. Baada ya ushindi huo mji ulizawadiwa chuo kikuu, kilichofunguliwa mwaka 1575. Mwaka 1583 Stevin, mtu mzima wa miaka kama 35, alijiandikisha humo kuwa mwanafunzi. Huko ndiko alikofahamiana na kijana aliyemzidi kwa miaka karibu 20, Mwanamfalme Maurice wa Nassau, mtoto wa William wa Orange aliyeongoza uasi ule. Mwaka 1584 William aliuawa kwa bastola mjini Delft. Maurice, aliyekuwa na miaka 16 tu, alirithi vita ambavyo baba yake hakuweza kuvimaliza, na mwaka uliofuata akafanywa kiongozi wa majimbo ya Holland na Zeeland. Stevin akawa mwalimu wake wa hisabati.

Kabla hatujafika katika mambo ya jeshi, inatupasa kutaja vitabu alivyovitoa miaka ileile, kwani bila hivyo jeshi halieleweki. Cha kwanza kilitoka mwaka 1582, nacho kilikuwa orodha za kukokotoa riba. Orodha za namna hiyo wenye mabenki walikuwa nazo, ila walizificha kama siri ya nyumba. Aliyekopa hakuweza kujua kama deni lake limehesabiwa kwa haki. Stevin alizichapisha zikauzwa madukani. Hapo tabia ya mtu inaonekana mapema: alichukia siri isiyo na sababu.

Mwaka 1585 kikatoka kijitabu chembamba kilichoitwa De Thiende, yaani Sehemu ya Kumi. Humo Stevin alifundisha kwamba kila kipande kilicho chini ya kimoja kinaweza kuandikwa kwa kugawa kwa kumi, na kwa kumi tena, na tena, na kwamba hesabu ya vipande ikifanywa hivyo haina ugumu kuliko hesabu ya namba nzima. Leo mtoto wa shule ya msingi pale Kamenge anaandika 27,847 bila kufikiri. Wakati ule karani aliyetaka kujumlisha vipande vya robo, sehemu ya saba na sehemu ya kumi na mbili alihitaji nusu siku na karatasi nyingi, na alikosea. Mkato tunaoutumia sasa haukuwa wake. Yeye aliandika tarakimu ndogo ndani ya duara baada ya kila namba, ili kuonyesha ni sehemu ya kumi, ya mia au ya elfu. Alikitoa kijitabu hicho kwa wanajimu, wapima ardhi, wapima nguo, wapima mvinyo, wakuu wa viwanda vya sarafu na wafanyabiashara wote. Sisi tunaipenda orodha hiyo, kwa kuwa mle wanachuoni hawakutengewa nafasi ya mbele.

Haki itendeke hata hivyo. Stevin hakuwa wa kwanza duniani. Zaidi ya miaka 150 kabla yake, al-Kashi wa Samarkand alikuwa ameandika habari za sehemu za kumi kwa Kiarabu, na kabla ya huyo al-Uqlidisi wa Damascus katika karne ya 10. Kazi ya Stevin ilikuwa kuzifikisha kwa mpima nguo na mpima mvinyo. Alipendekeza pia kwamba sarafu na vipimo vyote vya nchi vigawanywe kwa kumi. Wakubwa hawakumsikiliza. Wamarekani walifanya hivyo kwa dola yao mwaka 1792, Wafaransa kwa faranga yao miaka michache baadaye, na faranga ya Burundi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilizaliwa tayari ina sentimu 100. Waingereza walishikilia shilingi yao ya peni 12 hadi mwaka 1971, ndipo wakakubali yale aliyoyasema karani wa Bruges miaka 386 kabla yao.

Mwaka 1586 ulikuwa mwaka wake mkubwa wa elimu ya vitu vya asili. Yeye na rafiki yake Jan Cornets de Groot, mkubwa wa mji wa Delft, walichukua matufe mawili ya risasi, moja zito mara kumi kuliko jingine, wakayaangusha pamoja kutoka kimo cha futi 30 juu ya ubao. Tangu zama za Aristotle wasomi walikuwa wakifundisha kwamba lile zito litatangulia mara kumi. Matufe yalipiga ubao kwa sauti moja. Ulimwengu humtaja Galileo na mnara wa Pisa kwa jambo hili, lakini taarifa ya Delft ilikwisha kuchapwa kabla Galileo hajaanza kufundisha Pisa.

Mwaka uleule alieleza nguvu ya kushikilia mzigo penye mteremko. Kwa mtu aliyewahi kusukuma gari lililokwama katika barabara ya milima inayopanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, maana yake ni rahisi: mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya kimo chake, nguvu ya nusu ya uzito yatosha kuushika mzigo usirudi nyuma. Ushahidi wake aliutoa kwa kuwaza mkufu wa matufe uliozungushwa juu ya pembetatu. Mkufu huo hauwezi kujizungusha wenyewe milele bila kusukumwa, kwa hiyo pande zake mbili lazima zilingane nguvu. Alikipenda kielelezo hicho hata akakichapisha mbele ya vitabu vyake kama alama. Vilevile alionyesha kwamba msukumo wa maji chini ya chombo hutegemea kina chake, wala hautegemei wingi wa maji. Chini ya bomba jembamba lenye kina cha mita 10 maji husukuma kila sentimita kwa nguvu ileile kama chini ya mita 10 za Ziwa Tanganyika. Kwa nchi iliyoishi nyuma ya kingo na malango ya maji, hayo yalikuwa mambo ya kufa na kupona. Stevin mwenyewe alibuni vinu vya upepo vya kukausha mashamba, akapewa hati za kulinda ubunifu wake.

Sasa tuingie kambini.

Maurice alijifunza kwake hesabu, jiometria, upimaji wa ardhi, nguvu za mashine na ujenzi wa ngome, na alikuwa mwanafunzi wa kweli. Masomo aliyoandikiwa na mwalimu wake aliyabeba pamoja naye vitani yakiwa bado maandishi ya mkono, hata ikahofiwa kwamba yangepotea. Na hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya yachapwe kati ya mwaka 1605 na 1608 katika kitabu kikubwa cha Wisconstige Gedachtenissen. Jemadari anayekwenda kuzingira mji huku akibeba daftari lake la jiometria si jambo la kuonekana kila siku.

Tusimpe Stevin yasiyo yake. Mafunzo ya kwata, namna ya kupakia bunduki kwa amri na safu kurudi nyuma kwa zamu baada ya kufyatua, yalitengenezwa na Maurice pamoja na binamu zake wa Nassau. Mji wa Breda ulitekwa mwaka 1590 kwa hila, askari kama 70 wakiwa wamefichwa ndani ya mashua ya kubebea kuni za udongo. Hapo hapakuhitajiwa hesabu ila roho ngumu na kutokohoa. Lakini miji iliyofuata, Zutphen, Deventer, Hulst na Nijmegen, yote katika mwaka mmoja wa 1591, kisha Steenwijk na Coevorden, ilichukuliwa kwa mahandaki, mizinga na mpango. Na elimu ya mahandaki ndiyo iliyokuwa ya Stevin.

Kitabu chake cha ngome kilitoka mwaka 1594. Mizinga ilikuwa imezishinda kuta ndefu nyembamba za kale. Ngome mpya zilijengwa fupi, nene, na kwenye pembe zake zilitokezwa buruji zenye ncha, ili kila ubavu wa ukuta ulindwe na bunduki za buruji ya jirani, pasibaki mahali ambapo adui angeweza kujibanza asipigwe. Msomaji aliyefika Mombasa ameiona namna hiyo kwa macho yake, kwani Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ni ya wakati uleule na ya fikira ileile. Wataliano walijenga kwa mawe ya gharama. Waholanzi walikuwa na udongo na maji tu, nao wakagundua kwamba udongo humeza risasi ya mzinga bila kupasuka. Elimu hiyo haikumfanya mtu asishindwe: mwaka 1607, na tena mwaka 1608, Waholanzi waliizingira ngome ya Wareno katika kisiwa cha Msumbiji, wakaondoka mikono mitupu mara zote mbili.

Mwaka 1593 Maurice aliuzingira mji wa Geertruidenberg. Jeshi la Hispania lilikuja kuuokoa, likazunguka nje ya mahandaki likitafuta mwanya, lisiupate. Waliolitembelea lile zingio walistaajabia jambo jingine zaidi ya mahandaki. Kambi ilikuwa na mitaa iliyonyooka. Wakulima wa jirani waliendelea kulima na kuleta mazao yao kuyauza kwa askari, wala hawakuibiwa. Mji ulisalimu amri mwezi Juni. Sisi twaona kwamba siri ya mitaa iliyonyooka na ya mkulima asiyeibiwa ilikuwa moja. Askari yule alikuwa akilipwa, na alijua siku ya kulipwa. Kila hema lilikuwa na mahali pake palipopimwa, na mtu aliyekosekana usiku alionekana kuwa hayupo. Mwaka 1604 Stevin alipewa rasmi kazi ya kupanga makambi ya jeshi lile, na mwaka 1617 akatoa kitabu kizima juu ya upimaji wa kambi, akiwafuata Warumi wa kale na kuwasahihisha pale alipoona inafaa.

Karani hakuisahau kalamu yake. Alimfundisha Maurice kushika hesabu kwa namna ya wafanyabiashara wa Italia, ambayo kila kinachotoka mahali huandikwa pia pale kilipoingia, hata mwizi akitaka kuficha franki moja hulazimika kudanganya mara mbili. Maurice aliuliza kwa nini mambo ya dola yashikwe kama duka. Stevin alimjibu kwa hoja, na hoja zake zikaingizwa ndani ya Wisconstige Gedachtenissen pamoja na mifano, akimtolea kazi hiyo Duke wa Sully, waziri wa fedha wa Ufaransa. Aliitumia namna hiyo kwa mali za mwanamfalme, na akaeleza jinsi inavyofaa kwa ghala za vyakula na kwa gharama za vita. Ye yote aliyewahi kuwekwa zamu ya stoo katika kambi yoyote duniani anafahamu kwa nini wenye ghala hawakuipokea kwa vigelegele.

Lakini mwanamfalme mmoja mwenye elimu hawezi kupima mahandaki yote. Walihitajiwa mafundi wengi, tena upesi, na hapa lilizuka swali la lugha. Katika chuo kikuu cha Leiden, kama katika vyuo vyote vya Ulaya, masomo yalikuwa kwa Kilatini. Fundi wa mawe, seremala, mpima mashamba, sajini aliyejua kazi, wote walifungiwa nje kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mama zao hawakuwalea kwa Kilatini. Mwezi Januari 1600, kwa ombi la Maurice, chuo kilifungua shule ya wahandisi wa jeshi iliyofundisha kwa Kiholanzi, na mpango wa masomo uliandikwa na Stevin. Mwanafunzi alijifunza njia nne za hesabu kwa namba nzima, kwa vipande na kwa sehemu za kumi. Kisha alijifunza kupima ardhi, kwanza kwenye karatasi na baadaye shambani, na baada ya hapo ngome. Yale ambayo kazi haikuyahitaji yaliachwa kwa wenye nafasi. Wakati wa kiangazi wanafunzi walitakiwa kwenda kwenye jeshi, wakaone handaki la kweli, na majira ya baridi warudi darasani.

Mmoja wa walimu wawili wa kwanza wa shule hiyo anastahili ukurasa wake mwenyewe. Ludolph van Ceulen, aliyezaliwa Hildesheim mwaka 1540, alipata mkate wake kwa kufundisha watu kupigana kwa upanga, na Kilatini hakukijua. Usiku alikokotoa namba ile inayolinganisha mzingo wa duara na kipenyo chake, tunayoiita pai, hadi tarakimu 35 baada ya mkato, kazi ya miaka mingi kwa mkono mtupu. Alipofariki mwaka 1610 tarakimu hizo zilichongwa juu ya kaburi lake katika kanisa la Mtakatifu Petro, Leiden. Mwalimu wa upanga akiwafundisha wachimba mahandaki sehemu za kumi, chini ya paa la chuo kikuu! Bila shaka wapo maprofesa waliogeuza nyuso zao.

Stevin aliamini lugha ya watu wake kupita kiasi. Alihesabu maneno mafupi ya Kiholanzi, ya silabi moja moja, akayalinganisha na ya Kilatini na Kigiriki, akahukumu kwamba Kiholanzi ndicho kinachofaa kwa elimu kuliko vyote. Hapo twaona fahari ilimpoteza, kwani wingi wa maneno mafupi haujamfanya mtu kuwa na akili. Hata hivyo alifanya kazi ambayo wenye fahari tupu hawaifanyi: alikaa akaunda maneno. Hisabati aliiita wisconst, ustadi wa mambo ya yakini, na kutokana na neno hilo Waholanzi husema wiskunde hadi leo, wakati karibu Ulaya nzima hutumia neno la Kigiriki. Mtoto wa Burundi anayeanza kuhesabu kwa Kirundi, akaendelea kwa Kifaransa, na jioni akarudisha chenji kwa Kiswahili katika soko la Buyenzi anaufahamu uzito wa jambo hili bila kuelezwa.

Naye Stevin aliulipia uamuzi wake. Kiholanzi kilisomwa na wachache. Ilibidi kitabu chake kikubwa kigeuzwe Kilatini na kijana Willebrord Snellius ili wasomi wa nchi nyingine wakione, na kazi zake nyingi zilifika kwa Kifaransa mwaka 1634, miaka 14 baada ya kifo chake. Kwa wakati huo sifa ya matufe yaangukayo ilikuwa imekwisha kwenda Italia. Wako wanaosema alipoteza. Upande wa pili wa mizani kuna wapima ardhi na wahandisi waliotoka katika shule ya Leiden, ambao majina yao hayamo katika vitabu.

Kwa watu wa kawaida wa wakati wake, jambo lililomfanya ajulikane halikuwa lolote kati ya hayo. Lilikuwa gari. Karibu na mwaka 1600 alimtengenezea Maurice gari kubwa lenye magurudumu manne na matanga kama jahazi, likakimbia kwa upepo juu ya mchanga wa pwani kutoka Scheveningen hadi Petten, limebeba watu 28. Mmoja wao alikuwa Francisco de Mendoza, amiri wa Hispania aliyetekwa mwaka 1600 katika vita vya Nieuwpoort. Husimuliwa kwamba farasi walishindwa kufuatana nalo. Gari hilo halikuwa na faida yoyote ya kivita, nasi tunafurahi kwamba mtu huyu wa daftari alijua pia kucheza.

Alioa akiwa mzee, mkewe akiitwa Catharina Cray, wakapata watoto wanne. Nyumba yao ilikuwa mjini The Hague. Alifariki mwaka 1620, wakati wa mapatano yaliyosimamisha vita kwa miaka 12, na kaburi lake halijulikani lilipo. Mwanawe Hendrick alikusanya maandishi yaliyobaki akayachapisha. Mwanamfalme Maurice alifariki mwaka 1625, na vita vyenyewe havikwisha hadi mwaka 1648. Kaskazini ikawa nchi huru ya Uholanzi. Kusini, pamoja na Bruges, ilibaki chini ya Hispania.

Kwa hiyo mwaka 1846, Ubelgiji ilipokuwa na uhuru wake wa miaka 16 na watu wa Bruges wakataka kumsimamishia mwana wao sanamu, ugomvi ulitokea hata bungeni. Wapo waliosema kwamba mtu huyu aliitumikia silaha ya adui dhidi ya nchi aliyozaliwa, na wakaikumbusha Nieuwpoort, ambapo jeshi la Maurice liliingia na kupigana katika ardhi ya Flanders, si mbali na nyumbani kwao Stevin. Wengine walijibu kwamba wakati wa Stevin nchi ilikuwa moja, na kwamba mipaka ile iliyomfanya aitwe msaliti ilichorwa baada yake. Sanamu ikasimamishwa. Uwanja ilipo katika mji wa Bruges unaitwa kwa jina lake.